Wahakiki wanaisifu, mtoto analia: jibu kwa mama wa Tanga

Swali

Shikamoo kaka. Mwanangu ana miaka saba, na filamu ya The Lion King ameiangalia mpaka maneno anayamaliza kabla ya wenyewe. Mjomba wake yuko Muscat, amemletea Nintendo Switch na gemu ya filamu hiyo, ile iliyofungwa pamoja na Aladdin. Kabla hajalipa tulisoma maoni ya wahakiki mtandaoni, na wengi waliisifu. Lebo ya umri nayo haikuwa na shida. Sasa mtoto amekwama hatua ya pili, kwa wale nyani wanaomrusha Simba. Analia, anaitupa pedi, anatoka nje, halafu anarudi tena. Nikijaribu mimi nakwama hapohapo. Wahakiki walitudanganya? Na siku nyingine nikitaka gemu ya katuni nitajuaje kama inamfaa?
Mama Imani, Tanga

Jibu

Marahaba, Mama Imani. Nianze na lile linalowaumiza: mwanao hana kasoro yoyote, na wewe huna. Pale mlipokwama walikwama watoto wa Marekani na Uingereza mwaka 1994, wakakwama kaka zao, na baba zao pia. Hatua ile ilifanywa ngumu kwa makusudi, tena kwa sababu isiyohusu watoto hata kidogo, nitaifikia. Wahakiki nao hawakuwadanganya. Walipima kitu kingine, na kitu hichohicho ndicho wamekuwa wakikipima kwa miaka mingi kila inapotoka gemu ya filamu ya katuni.

Gemu mliyonayo ni ya zamani. Filamu ilitoka Juni 1994, na gemu ikaingia madukani mwishoni mwa mwaka huohuo ili iwahi Krismasi. Ilitengenezwa kwa mashine mbili zilizokuwa zikigombea sebule za watu wakati ule, Super Nintendo na Sega Mega Drive, kisha kwa mashine ndogo za mkononi na kompyuta. Iliuzwa na kampuni ya Virgin Interactive. Kazi yenyewe ilifanywa na Westwood Studios ya Las Vegas, iliyoanzishwa mwaka 1985 na Brett Sperry na Louis Castle. Watu hawa hawakuwa na sifa ya kutengenezea watoto. Jina lao lilijengwa na gemu za vita na mbinu: Dune II mwaka 1992, na baadaye Command & Conquer mwaka 1995. Walikuwa mafundi hasa, lakini mafundi waliozoea kijana mwenye saa nyingi na subira ya kupanga majeshi.

Kilichowapa wahakiki hamu ni Aladdin ya mwaka mmoja kabla. Katika toleo la Sega, wachoraji wa Disney wenyewe walichora mienendo kwa mkono, michoro ikaingizwa kwenye gemu. Mtoto akishika pedi alimwona Aladdin akienda vilevile kama alivyomwona sinema. Haijawahi kuonekana hivyo. Kwa hiyo The Lion King ilipofika mezani kwa wahakiki, jicho lao lilikuwa limeshaelekezwa: je, na hii inafanana na filamu?

Inafanana, na sifa zile zilistahili. Simba mdogo anarukaruka kama mtoto kweli, akinguruma inatoka sauti nyembamba isiyomtisha mtu mzima. Nyimbo za filamu zipo, zimebanwa zikatosha ndani ya kaseti ndogo. Kuna hatua ya nyumbu ambamo kamera inageuzwa: Simba anakimbia kuja kwako uliyekaa mbele ya kioo, na kundi zima linamjia nyuma, vumbi na pembe. Kisha katikati ya gemu Simba anakua, anapata manyoya ya shingoni na makucha, na namna ya kupigana inabadilika. Kwa uwezo wa mashine za 1994, ile ilikuwa kazi kubwa, na mhakiki aliyeandika hivyo aliandika kweli tupu.

Lakini tazama walivyogawa alama. Magazeti ya gemu ya miaka ile yalikuwa na utaratibu wa kugawa hukumu mafungu mafungu. Mean Machines la Uingereza lilikuwa na fungu la picha, la sauti, la uchezaji, na fungu jingine la kudumu, yaani gemu itakukaa muda gani kabla hujaichoka au kuimaliza. GamePro la Marekani lilipima picha, sauti, udhibiti na raha, na likataja ugumu pia. Famitsu la Japani liliwapa wahakiki wanne gemu moja, kila mmoja akatoa alama kati ya kumi, jumla arobaini. Utaratibu ni tofauti, ila wote walikuwa wanamwandikia mnunuzi anayeuliza: pesa yangu nitaila kwa muda gani? Gemu ikiisha mchana mmoja ilipoteza alama, na ikikusumbua wiki tatu ilizipata.

Hapo ndipo kilio cha mwanao kilipotokea, Mama Imani. Kwenye fungu la kudumu, ugumu ulihesabiwa kuwa sifa. Wapo wahakiki waliolalamika kwamba kuruka kwenyewe si kwa uhakika sana, kwamba Simba anateleza ukingoni, kwamba hatua za mwanzo zinapanda ghafla mno. Lakini lalamiko hilo liliandikwa na mtu mzima aliyechoka, tena aliyelipwa ili aendelee. Ni kama kumuuliza fundi cherehani kama nguo itadumu, na asiwepo wa kuuliza kama inamtosha mtoto.

Sasa ile sababu ya makusudi. Miaka ile Marekani watu hawakununua kila gemu. Walikodi. Unaingia kwenye duka la kukodisha kanda za video, Blockbuster likiwa ndilo kubwa kuliko yote, unachukua kaseti ya gemu kwa siku chache, unairudisha. Kampuni za gemu zilichukia jambo hilo. Nintendo ilijaribu kulizuia, lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1990 iliyobana ukodishaji wa programu za kompyuta iliziacha nje kaseti za mashine za gemu, kwa hiyo biashara ikaendelea. Hofu ya wenye mali ilikuwa nyepesi kuielewa: mtoto akikodi Ijumaa akamaliza Jumapili, mzazi hatanunua tena.

Louis Castle wa Westwood alikuja kueleza hadharani, miaka mingi baadaye, kwamba Disney haikutaka mchezaji afike mbali ndani ya muda wa kukodi, ndiyo maana ugumu ukapandishwa mapema namna ile. Hatua ya kwanza iliachwa rahisi, mtoto afurahi na mzazi aone kitu kizuri dukani. Ya pili ikawa ukuta.

Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko alama zote. Mzazi anaisoma hatua ngumu kama kipimo cha akili ya mtoto wake, naye mtoto anaisoma hivyohivyo. Kumbe ni hesabu ya biashara ya kukodisha kanda, katika nchi ambayo hamjawahi kuishi, kwa maduka ambayo karibu yote yameshafungwa. Mtoto wa Tanga anailipia mwaka huu kwa machozi. Na anayecheza kwenye vibanda vya gemu vya mitaani, kule wanakolipa kwa muda, angeilipia kwa sarafu za mfukoni.

Nikuonyeshe hatua yenyewe, maana nimeitazama kwa jicho la mtoto. Mpwa wangu wa kike ana umri kama wa mwanao, nikamkalia pembeni akicheza bila kumsaidia. Hatua ya kwanza aliipita akiimba. Kule, kunguruma ni kwa kutisha wanyama wadogo, na yeye alinguruma hovyo tu kwa raha yake. Ya pili ikaanza: rangi zinawaka kama wimbo wa kwenye filamu, wanyama wamebebana, twiga wananyoosha vichwa. Akaruka, nyani akamdaka, akamrusha kwa nyani mwingine, na yule akamrusha tena, akajikuta amerudi alikotoka. Akacheka. Mara ya pili hakucheka.

Siri ni kwamba baadhi ya nyani wale inabidi uwangurumie kwanza wageuke, ndipo watakurusha upande mwingine. Hakuna anayekwambia. Kunguruma kulikotumika kutisha sasa kunatumika kugeuza njia, na gemu haina hata picha ndogo ya kudokeza hivyo. Zaidi ya hapo, pale juu ya kioo kuna mstari wa kunguruma unaotakiwa ujae kabla sauti haijawa na nguvu. Mtoto akishikwa na hasira anabonyeza kitufe mfululizo, na kila akibonyeza mstari unaanza upya. Kwa hiyo hata akimlenga nyani anayetakiwa, nyani hageuki, na mtoto anaamua kwamba huyo siye. Nilimwona mpwa wangu akifanya hivyo: alikuwa amesimama mahali sahihi, mbele ya nyani sahihi, akaondoka kwenda kutafuta kwingine. Kisha akaniambia pedi imeharibika.

Na nyani wakipitwa, kuna mbuni. Anakimbia mwenyewe, Simba mgongoni, nawe unatakiwa uruke, uruke mara mbili au uiname kwa kufumba na kufumbua. Huko hakuna siri, ni mkono tu na kukariri njia.

Mhakiki wa 1994 alipita hapo namna gani? Alikuwa na miaka ishirini na kitu, mkono wake umezoea, na ofisini yupo mwenzake aliyefika mbele zaidi. Alikwama kidogo, akapita, akaandika kwamba gemu ina changamoto. Neno changamoto kwenye uhakiki wa gemu ya watoto linaficha mchana mzima wa mtoto kama wako.

Kuhusu lebo ya umri, hapa wazazi wengi mno wanapotea, na siwalaumu. Ile namba au herufi kwenye boksi haisemi kitu juu ya ugumu. Bodi ya Marekani, ESRB, ilizaliwa mwaka 1994 baada ya vikao vya bunge lao la Congress vya mwaka uliotangulia kuhusu ukatili kwenye gemu. Ya Ulaya, PEGI, ilianza mwaka 2003. Zote mbili zinaangalia damu, matusi, uchi, kutisha, kamari. PEGI wenyewe wanasema waziwazi kwamba wanapima kama gemu inafaa umri fulani, hawapimi ugumu wake. Gemu inaweza kuwekewa 3 kwa sababu haina hata tone la damu, na mtu wa miaka thelathini asiimalize. Kwa hiyo nyumbani kwenu mlikuwa na vyanzo viwili, wahakiki na lebo, na swali lenu halikujibiwa na hata kimoja.

Kuna tukio jingine la filamu hiyohiyo linaloonyesha pengo hili vizuri zaidi. Krismasi ya 1994 Disney waliuza pia kitabu cha hadithi cha The Lion King cha kuchezea kwenye kompyuta, kwenye sidii. Si gemu yako, ni kitu kingine, lakini mnunuzi alikuwa yuleyule. Kilijengwa juu ya teknolojia mpya ya picha ya Microsoft iliyoitwa WinG. Asubuhi ya sikukuu wazazi wakawasha, na katika kompyuta nyingi, hasa za Compaq Presario zilizouzwa msimu ule, programu ikaanguka na kioo kikabaki bila hadithi. Simu za Disney zikajaa wazazi wenye hasira. Aibu ile ni mojawapo ya mambo yaliyowasukuma wahandisi wa Microsoft kutengeneza DirectX, seti ya programu za kuendeshea picha na sauti za gemu, iliyotoka mwaka 1995, na ambayo hadi leo gemu nyingi za Windows zinaitegemea. Hukumu iliyobadilisha mambo haikutoka gazetini, ilitoka kwa wazazi waliokaa sakafuni na watoto wao.

Turudi kwenye Switch. Mkusanyiko mlio nao ulitoka Oktoba 2019, mwaka ambao filamu mpya ya The Lion King ilikuwa imetikisa majumba ya sinema. Kampuni ya Digital Eclipse ndiyo iliyozirudisha gemu hizi, nao ni watu wa kuhifadhi: wameweka matoleo kadhaa ya kila gemu, michoro ya kazi, mahojiano ya waliotengeneza. Walioihakiki mwaka 2019 wengi walikuwa watoto mwaka 1994. Wanaposema ni gemu ya kukumbukwa wanasema kweli, kwa kuwa wanaikumbuka. Waliisifu kazi ya kuhifadhi, wakataja kwamba gemu zenyewe ni ngumu na hilo halijabadilika, wakashukuru vifaa vipya vya kusaidia. Ukirudi kusoma uhakiki ule leo utaliona neno ngumu mle ndani. Limekaa aya ya tano huko, na limeandikwa kwa upendo, ndiyo maana mlipita juu yake.

Kati ya miaka hiyo miwili ulipita wakati mrefu wa gemu za filamu za katuni, na naweza kuueleza kwa kifupi kwa sababu hadithi yake ilikuwa moja. Kampuni ya gemu ya THQ ilikuwa na haki za filamu za Pixar, studio ya katuni za kompyuta, ikatoa Finding Nemo mwaka 2003, The Incredibles mwaka 2004, Cars mwaka 2006, Ratatouille mwaka 2007, WALL-E mwaka 2008, Up mwaka 2009. Gemu ilipaswa kuwa dukani wakati filamu iko sinema, iwe imeiva au haijaiva. Wahakiki wakazizoea, wakaanza kuziandikia kwa mkono wa kushoto: picha za kawaida, fupi, zinajirudia, kwa watoto itatosha.

Hilo la kwa watoto itatosha linanikera kuliko alama yoyote mbaya. Linamfanya mtoto awe mtu anayeridhika na chochote. Mimi sijawahi kukutana na mtoto wa namna hiyo. Mtoto anakwambia gemu mbaya ni mbaya kwa kuiacha na kwenda kucheza kombolela, bila kukuandikia aya moja.

Na mambo mazuri yalipotokea wahakiki waliyaona, niwe mkweli kwao. Mwaka 2010 studio ya Avalanche Software ya Salt Lake City ilitoa Toy Story 3. Ndani yake, pamoja na hadithi ya filamu, waliweka sehemu ya kucheza huru, sanduku la midoli: mji wa kina Woody ambao mtoto anaujenga mwenyewe, anapaka nyumba rangi, anapanda farasi, anachukua kazi anayotaka na kuiacha akitaka. Mkubwa anaweza kushika pedi ya pili wakacheza pamoja kwenye kioo kimoja. Wahakiki waliokuja wamekunja uso waliondoka wakiisifu, kwa sababu safari hii mtengenezaji alikuwa amejiuliza mtoto anapenda kufanya nini na midoli. Kutokana na wazo hilo Avalanche wakajenga gemu ya Disney Infinity mwaka 2013. Gemu ya The Lego Movie ya mwaka 2014 nayo inafuata njia iliyozoeleka kwenye gemu za Lego: ukianguka unapoteza vipande ulivyookota, unarudi papo hapo, unaendelea. Hakuna kurudishwa mwanzo. Mhakiki mtu mzima huiona rahisi mno na kuikata alama. Mtoto wa miaka saba anapata nafasi ya kujaribu tena kabla machozi hayajafika.

Kwa hiyo uzisomeje siku nyingine? Usianze na namba. Metacritic, tovuti iliyoanza mwaka 2001 na inayokusanya alama za wahakiki wengi na kutoa wastani, inaipa filamu rangi ya kijani kuanzia 61, lakini gemu mpaka ifike 75. Sabini ya filamu ni kijani, sabini ya gemu ni njano. Mzazi anayetoka kuangalia alama za filamu akaingia za gemu ataona njano na kudhani ni mbovu, wakati wahakiki walewale wanasema ni nzuri kiasi. Halafu gemu za katuni hupimwa kwa mizani ya gemu za watu wazima zilizotoka wiki ileile, na mizani hiyo haimhusu mwanao.

Anza na maneno. Nikisoma uhakiki wa gemu ya watoto natafuta kwanza kama mwandishi ametaja mtoto yeyote kwa vitendo: niliicheza na binti yangu, alikwama hapa, alicheka pale. Sentensi moja ya namna hiyo naithamini kuliko ukurasa mzima wa sifa za picha. Kisha natafuta linalotokea ukishindwa. Unarudi mwanzo wa hatua, au pale ulipoangukia? Una maisha matatu, au hayaishi? Mhakiki makini atalisema hata kama hakukusudia kukusaidia. Natafuta kama watu wawili wanaweza kucheza pamoja, maana kwa mtoto mdogo hiyo ndiyo njia ya kuokolewa bila aibu. Natafuta kama kuna maandishi mengi ya kusoma, na ni kwa lugha gani. Gemu nyingi hazina Kiswahili, na mtoto wa darasa la pili anayepewa maelekezo kwa Kiingereza cha haraka atakwama mahali pasipo pagumu kabisa. Neno fupi au neno rahisi usilichukulie kama kasoro: kwa umri wa mwanao mara nyingi ni sifa. Changamoto, ya kukumbukwa na kama zamani yachukulie kama tahadhari.

Angalia pia uhakiki ni wa mashine ipi. Hili linawaponza wengi. Aladdin ya Sega na Aladdin ya Super Nintendo, zote za mwaka 1993, ni gemu mbili tofauti kabisa. Ya pili ilitengenezwa na Capcom ya Japani chini ya Shinji Mikami, yule aliyekuja kujulikana kwa gemu ya kutisha ya Resident Evil. Jina moja, gemu mbili. Hata miaka ya 2000 toleo la mashine ndogo ya mkononi mara nyingi lilikuwa gemu nyingine iliyotengenezwa na watu wengine. Toy Story 3 niliyoisifu hapo juu ni ile ya PlayStation 3 na Xbox 360, si ya Nintendo DS.

Ukitaka maoni yaliyoandikwa kwa ajili ya wazazi hasa, Common Sense Media, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 2003, linaandika pia kama gemu ni rahisi kuchezeka, na linaruhusu wazazi na watoto wenyewe kuandika. Ni kwa Kiingereza, na maadili yao wakati mwingine si ya kwetu, lakini swali la je, mtoto ataweza, wao huliuliza. Na video za watu wakicheza bila kukata zipo bure. Angalia dakika kumi za hatua ya pili. Usiangalie ya kwanza, hiyo imetengenezwa ikuvutie dukani.

Sasa kwa jioni ya leo. Usiirudishe gemu, na usimwambie mtoto aache. Toleo lenu la 2019 lina uwezo wa kurudisha nyuma: akiangukia kwa nyani, anabonyeza kitufe cha kurudisha na anajikuta sekunde kadhaa kabla hajaanguka. Mfundishe hicho kitufe kwanza, kabla ya nyani wowote. Kuna pia sehemu ya kutazama gemu ikichezwa yenyewe mwanzo hadi mwisho, na mahali popote unaweza kuisimamisha ukashika pedi ukaendelea wewe. Mwache atazame nyani wakipitwa, kisha achukue pedi baada ya hapo, au baada ya mbuni, achague mwenyewe. Hakuna anachoiba. Na kwenye kaseti ya asili ya Super Nintendo watengenezaji wenyewe waliacha mlango wa nyuma: ukiwa ukurasa wa mipangilio unabonyeza B, A, R, R, Y kwa mpangilio huo, na gemu inakuruhusu kuchagua hatua unayotaka.

Akitaka kuwapita nyani kwa mkono wake, na kwa ulivyonieleza anavyorudi kila akiitupa pedi naona atataka, mwambie mambo mawili tu: aache mstari wa kunguruma ujae, kisha amngurumie nyani mara moja na asubiri ageuke. Mbuni umwachie ajaribu na kitufe cha kurudisha nyuma mpaka njia imkae kichwani. Na mbele huko, akifika kwa Scar juu ya mwamba, ajue kwamba makucha peke yake hayamalizi. Lazima amkamate amrushe chini ya ukingo. Watu wazima wengi walipigana naye pale usiku kucha bila kujua hivyo, na sioni sababu ya mtoto kulala na adhabu hiyo.